Mtakatifu Kalisto, Mtumwa Aliyekuwa Papa

Kila mwaka, tarehe 14 Oktoba, Kanisa lamkumbuka Mtakatifu Kalisto, Papa na shahidi wa dini. Yeye ni Papa wa 16, tukianza kuhesabu na Mtakatifu Petro. Aliongoza Kanisa toka mwaka 217 mpaka mwaka 222. Miaka hiyo si mingi. Lakini katika miaka hiyo alifanya neno kubwa, ambalo Wakristu wapata faida yake hata leo: aliwafungulia mlango wakosefu waliotubu.

Ili tufahamu kwa nini alifanya hivyo, yatupasa kujua kwanza maisha yake. Kalisto hakulelewa katika nyumba ya wakubwa. Alikuwa mtumwa. Alipoteza mali ya watu, akakimbia, akakamatwa, akapigwa, akachimba mawe katika migodi.

Habari hizo hazikuandikwa na rafiki yake. Ziliandikwa na adui yake. Jina la adui huyo ni Hipoliti, padri wa Roma, mtu mwenye elimu nyingi na mwenye hasira nyingi. Kitabu chake kilikuwa kimepotea kwa muda mrefu sana. Mwaka 1842 kikaonekana katika nyumba ya wamonaki kwenye mlima Athos, katika inchi ya Wagreki, na mwaka 1851 kikapigwa chapa. Wenye elimu wengi wakubali kwamba Hipoliti ndiye aliyekiandika. Alitaka kumtia Kalisto aibu mbele ya watu wote. Kwa hiyo anayekisoma hukumbuka kwamba adui huongeza chumvi. Lakini kwa kitabu hicho twajua mambo mengi ya Kalisto ambayo rafiki zake hawakuyaandika.

1. Banki ya Kalisto

Katika mji wa Roma wa zamani palikuwa na watumwa wengi sana. Wengine walitekwa vitani, wengine waliuzwa sokoni, wengine walizaliwa na mama mtumwa. Sheria ya Roma ilimhesabu mtumwa kuwa mali ya bwana wake, kama ng'ombe au kama shamba. Bwana aliweza kumpiga, kumuuza au kumpa mtu mwingine. Mtumwa hakuweza hata kufunga ndoa mbele ya sheria.

Kalisto alikuwa kijana wakati wa Kaisari Commodus, aliyetawala toka mwaka 180 mpaka mwaka 192. Bwana wake aliitwa Carpophorus. Carpophorus alikuwa Mkristu, tena alifanya kazi katika nyumba ya Kaisari. Kalisto naye alikuwa Mkristu. Basi bwana na mtumwa walisali pamoja, lakini nyumbani mmoja aliamuru na mwingine alitii.

Carpophorus aliona kwamba kijana huyu ana akili ya hesabu. Akampa feza nyingi, akamwambia afungue banki. Banki ya siku zile ilikuwa hivi: watu walileta akiba yao ilindwe. Mwenye banki aliwakopesha wafanyabiashara sehemu ya feza hizo, nao walipolipa waliongeza kidogo. Kalisto akafungua banki yake mahali palipoitwa Piscina Publica. Wajane wakaleta akiba zao. Wakristu wengine wakaleta zao. Hawakuleta kwa sababu ya Kalisto, maana walikuwa hawamjui. Walileta kwa sababu waliliamini jina la Carpophorus.

Baada ya muda feza zote zikapotea. Hipoliti asema kwamba Kalisto alizila. Wajane walipokuja kuomba akiba yao, hawakupata kitu. Mjane aliyeweka feza zake zote mahali pamoja, akizipoteza, atakula nini kesho? Kosa hili halikuwa dogo. Carpophorus akaambiwa, akamwita mtumwa wake alete hesabu.

2. Kalisto akimbia

Kalisto aliogopa. Akatoroka mji, akashuka mpaka Portus, bandari ya Roma, mahali mto Tiber unapoingia baharini. Akakuta merikebu iko tayari kuondoka, akapanda. Hakujali inakwenda wapi.

Lakini Carpophorus alikuwa amepata habari, akamfuata. Merikebu ilikuwa bado imesimama katikati ya bandari. Kalisto, akiwa juu ya merikebu, akamwona bwana wake anakuja katika mashua. Akajua kwamba ameshikwa. Akajitupa baharini. Mabaharia wakashuka katika mashua, wakamtoa majini kwa nguvu, na watu wa pwani wakapiga kelele. Akatiwa mikononi mwa bwana wake.

Carpophorus akamrudisha Roma, akampeleka kwenye kinu. Kinu hicho hakikuwa kinu cha kutwangia. Kilikuwa mawe mawili makubwa ya kusagia ngano. Jiwe la juu lilizungushwa na punda au na watumwa, mchana kutwa, wakizunguka mahali palepale. Kazi hiyo ilikuwa azabu ya watumwa waliokosa.

Siku zikapita. Wakristu wengine wakamwendea Carpophorus, wakamwomba amtoe Kalisto. Walisema kwamba kuna watu wenye deni lake, na akiwa huru ataweza kudai feza hizo na kuwalipa wajane. Carpophorus akakubali.

Siku ya Sabato Kalisto akaingia katika sinagogi, nyumba ya sala ya Wayahudi. Wengi wafikiri kwamba alikwenda kuwadai watu aliowakopesha. Hipoliti asema kwamba alikwenda kutafuta fujo. Kwa vyovyote alifanya vibaya, maana watu wale walikuwa katika sala zao, na kusali ni haki yao. Fujo ikatokea. Wakampiga, wakampeleka mbele ya Fuscianus, mkubwa wa mji wa Roma, wakamshitaki kwamba amevunja sala yao na kwamba asema yeye ni Mkristu.

Carpophorus akaja mbio barazani. Akamwambia Fuscianus: huyu si Mkristu, anatafuta kufa tu kwa sababu amepoteza feza zangu. Fuscianus hakusadiki. Akaamuru Kalisto apigwe fimbo, kisha apelekwe migodini katika kisiwa cha Sardinia.

3. Migodi ya Sardinia

Sardinia ni kisiwa kikubwa katika bahari ya Mediteranea, upande wa magharibi wa Italia. Chini ya milima yake mlikuwa na risasi na feza, yaani ile madini nyeupe. Warumi waliwapeleka huko watu waliohukumiwa. Waliohukumiwa migodi walitiwa minyororo. Nywele zao zilinyolewa upande mmoja wa kichwa, ili wakitoroka watambulike mara moja. Walishuka katika mashimo membamba, wakavunja mawe kwa mwangaza wa taa ndogo za mafuta. Wengi wao hawakurudi kwao.

Kati ya watu wale walikuwamo Wakristu waliofungwa kwa sababu ya dini tu. Hawakuiba, hawakuua. Kalisto akaishi nao, akala chakula chao, akafanya kazi yao.

Sasa katika nyumba ya Kaisari Commodus aliishi mwanamke jina lake Marcia, ambaye Kaisari alimpenda na kumsikiliza sana. Marcia aliwaonea Wakristu huruma. Akamwita Viktor, Papa wa siku zile, mtu aliyezaliwa katika Afrika ya Kaskazini. Akamwomba majina ya Wakristu wote waliofungwa Sardinia. Viktor akampa orodha. Lakini jina la Kalisto hakulitia. Alijua habari ya wajane, alijua habari ya sinagogi. Machoni pake mtu huyu hakufungwa kwa ajili ya Kristu, alifungwa kwa makosa yake.

Marcia akapata barua ya Kaisari, akampa mzee mmoja jina lake Hyacinthus aipeleke. Hyacinthus akafika Sardinia, akampa liwali barua. Majina yakaitwa, mmoja mmoja. Kila aliyeitwa alitoka. Kalisto akasikiliza mpaka mwisho. Jina lake halikutajwa.

Akapiga magoti mbele ya Hyacinthus, akalia, akaomba naye afunguliwe. Hyacinthus akamhurumia. Akazungumza na liwali, akasema kwamba yeye ni mtu wa nyumba ya Marcia na kwamba atalichukua jambo hili juu yake. Liwali akakubali. Minyororo ya Kalisto ikafunguliwa.

Tuangalie vema jambo hili. Wenzake walitoka kwa sababu hawakuwa na hatia. Kalisto alitoka kwa huruma tu. Hakuwa na haki ya kudai kitu. Hakulisahau jambo hilo mpaka kufa kwake.

4. Mlinzi wa makaburi

Papa Viktor alipomwona Kalisto amerudi, hakufurahi. Watu walioumizwa na banki ile walikuwa wangali hai, tena Carpophorus alikuwa Roma. Lakini Viktor hakumfukuza. Alimpeleka akae Antium, mji mdogo pwani ya bahari, akaagiza apewe feza za chakula kila mwezi. Kalisto akakaa huko karibu miaka 10.

Viktor alipokufa, yapata mwaka 199, Zefirino akawa Papa. Huyu alimwita Kalisto arudi Roma, akamweka kuwa msaidizi wake, akampa kazi ya kulinda makaburi ya Wakristu katika barabara iitwayo Via Appia.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunavyofikiri. Wakati ule sheria ilikataza kuzika maiti ndani ya mji. Kwa hiyo makaburi yote yalikuwa nje, kando ya barabara kubwa. Matajiri walijijengea makaburi mazuri ya mawe. Maskini hawakuweza. Mtumwa aliyekufa bila mtu wa kumsaidia aliweza kutupwa pamoja na wengine katika shimo moja, bila jina. Wakristu hawakupenda hivyo, maana waliamini kwamba mwili wa kila Mkristu, hata wa mtumwa, utafufuka siku ya mwisho. Walichanga feza kidogo kidogo, wakanunua mahali, wakazika wote.

Mahali palipokuwa padogo juu, walichimba chini. Udongo wa Roma una jiwe moja laini, rahisi kukata, lakini likipata hewa huwa gumu. Wachimbaji walikata ngazi, kisha njia nyembamba ndefu, kisha mashimo katika kuta za njia, moja juu ya jingine, kama vitanda. Maiti iliwekwa ndani imefungwa nguo, na mlango wa kaburi ukafungwa kwa bamba la jiwe au kwa matofali. Makaburi hayo ya chini yaitwa katakomba.

Watu wengine hufikiri kwamba Wakristu waliishi katika katakomba ili kujificha. Si hivyo. Walikwenda huko kuzika wafu wao na kuwaombea. Katika kuta walichora samaki, njiwa, nanga, na mara nyingi Mchungaji Mwema amebeba kondoo mabegani.

Kalisto, aliyepoteza mali ya wajane, sasa alipewa tena kulinda mali ya watu wote. Mara hii hakuna kilichopotea. Alilinda na kuongeza makaburi hayo muda wa miaka 18 hivi. Hata leo yaitwa Katakomba ya Mtakatifu Kalisto.

5. Mapadri wawili wagombana

Mwaka 217 Zefirino akafa. Waamini wa Roma wakamchagua Kalisto kuwa Papa.

Hipoliti akakasirika sana. Yeye alisoma vitabu vingi, alijua Kigreki vizuri, alihubiri vizuri. Atatawaliwaje na mtu aliyezunguka na jiwe la kinu? Akakataa kumtii. Wafuasi wake wakamfanya kuwa askofu wao. Hivyo katika Roma pakawa na maaskofu wawili, mmoja wa kweli na mmoja aliyejitenga.

Ugomvi wao ulikuwa na sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni mafundisho juu ya Utatu Mtakatifu. Mtu mmoja, Sabellius, alifundisha kwamba Baba na Mwana na Roho Mtakatifu ni majina matatu tu ya Nafsi moja. Kalisto akamtenga na Kanisa. Lakini Hipoliti hakuridhika, akasema kwamba Kalisto mwenyewe afundisha karibu sawasawa na Sabellius. Na Kalisto akasema kwamba Hipoliti afundisha kama kwamba kuna Mungu wawili. Wakati ule Kanisa lilikuwa bado kupata maneno yaliyo safi ya kueleza siri hiyo kubwa.

Sababu ya pili ni msamaha wa zambi. Hapa ndipo tutakapomfahamu Kalisto.

6. Je, mkosefu aweza kurudi?

Siku zile wengi walibatizwa wakiwa watu wazima. Walifundishwa muda mrefu, wakaacha desturi mbaya, wakabatizwa, zambi zao zote zikaondolewa. Lakini wengine, baada ya batizo, walianguka tena katika zambi kubwa, kama vile uzinzi. Kisha wakaona huzuni, wakataka kurudi. Kanisa liwafanyeje?

Wakristu wengi wakali walijibu: wabaki nje. Walie mlangoni maisha yao yote. Labda Mungu atawasamehe siku ya kufa, lakini Kanisa lisiwapokee. Kanisa ni takatifu, na nguo nyeupe ikipata doa haifai tena.

Tusiwazarau watu hao kwa haraka. Waliogopa jambo la kweli. Walisema: kama kila mkosefu apokelewa, nani atajali kuacha zambi? Tena watu waliokubali kufa kwa ajili ya Kristu watasema nini, wakiona aliyeanguka anakaa karibu nao?

Papa Kalisto akajibu kwa njia nyingine. Akatangaza kwamba anayetubu kweli, hata kama zambi yake ni kubwa, atapokelewa tena. Hakusema kwamba zambi si kitu. Aliyetaka kurudi alifanya kitubio. Alifunga chakula, alisimama mbali na wengine wakati wa sala, hakupokea Ekaristi, aliomba ndugu zake wamwombee. Kitubio kilipokwisha, alipatanishwa na Kanisa. Alikuwa tena mtoto wa nyumba.

Hipoliti mwenyewe ametuwekea sababu alizozitoa Kalisto. Alikumbusha mfano wa Bwana Yezu juu ya ngano na magugu: vyote viwili viachwe vikue pamoja mpaka mavuno, maana atakayetenganisha ni Mungu. Alikumbusha pia safina ya Noe, ambamo waliingia wanyama safi na wanyama wasio safi. Alikumbusha neno la Mtakatifu Paulo, anayeuliza ni nani awezaye kumhukumu mtumishi wa mtu mwingine. Hipoliti aliandika sababu hizo ili watu wazicheke. Nasi tukizisoma leo twaona ndani yake moyo wa mchungaji.

Kati ya hao wawili, nani alijua zaidi juu ya zambi? Hipoliti alizijua katika vitabu. Kalisto alizijua mwilini mwake. Alijua uchungu wa mtu anayesikiliza orodha ya majina mpaka mwisho, na jina lake halimo.

7. Mtumwa na binti wa mkubwa

Kulikuwa na jambo jingine lililomchukiza Hipoliti. Sheria ya Roma haikukubali ndoa ya mtumwa. Na binti wa ukoo mkubwa akijiunga na mtumwa, au na mtu aliyekuwa mtumwa zamani, sheria haikuihesabu kuwa ndoa, tena binti alipoteza cheo chake. Sasa, katika Kanisa la Roma walikuwamo mabinti Wakristu wa koo kubwa. Wengine hawakupata waume Wakristu wa cheo chao. Lakini kati ya watumwa kulikuwa na Wakristu wema wengi.

Papa Kalisto akasema kwamba mbele ya Kanisa ndoa ya namna hiyo ni ndoa. Kaisari asikubali, lakini Mungu akubali. Hipoliti aliona ni aibu kubwa. Alisema kwamba mambo hayo yataleta upotovu. Lakini Kalisto alikuwa mtumwa. Alijua kwamba mtumwa ana moyo, aweza kupenda, na aweza kushika ahadi yake.

Neno hilo halikumaliza utumwa. Utumwa uliendelea katika dunia kwa karne nyingi. Lakini Papa mmoja alikuwa amesema waziwazi kwamba mbele ya altare mtumwa na mtu wa ukoo mkubwa ni sawa.

8. Kufa kwa Kalisto

Kalisto aliuawa mwaka 222, katika sehemu ya Roma iitwayo Trastevere, ng'ambo ya mto Tiber. Mapokeo yasema kwamba alitupwa kutoka dirishani, kisha akatiwa katika kisima. Kaisari aliyeanza kutawala mwaka huohuo, Alexander Severus, hakuwatesa Wakristu. Kwa hiyo wengi wafikiri kwamba Kalisto aliuawa na kundi la watu wenye fujo, wala si kwa hukumu ya baraza. Katika Trastevere kungali kuna kanisa dogo lenye jina lake.

Yeye aliyelinda makaburi ya Via Appia hakuzikwa huko. Wakristu walimzika katika barabara nyingine iliyokuwa karibu, Via Aurelia. Mwaka 1960 wachimbaji walifunua huko chumba cha kaburi lake, chenye picha za kufa kwake ukutani. Katika orodha ya zamani ya mashahidi, iliyoandikwa mwaka 354, jina la Kalisto limo, tarehe 14 Oktoba.

9. Kisiwa kilekile

Baada ya Kalisto, Hipoliti aliendelea kujitenga. Papa Urbano alikuja, kisha Papa Ponsyano. Hipoliti hakurudi. Lakini mwaka 235 Kaisari mpya, Maximinus, akaanza kuwatesa wakubwa wa Kanisa. Akamkamata Ponsyano, akamkamata na Hipoliti. Akawapeleka wote wawili migodini.

Akawapeleka wapi? Sardinia. Kisiwa kilekile cha Kalisto.

Sasa mwalimu mwenye elimu, aliyecheka minyororo ya mtumwa, aliivaa mwenyewe. Tarehe 28 Septemba 235 Ponsyano aliacha upapa, ili Wakristu wa Roma waweze kuchagua mchungaji mwingine. Na Hipoliti? Yaaminika kwamba huko kisiwani alipatana na Ponsyano na kurudi katika Kanisa. Wote wawili wakafa kwa taabu zile. Baadaye Papa Fabiano akawarudisha Roma, wakazikwa kwa heshima. Ponsyano alilazwa katika Katakomba ya Kalisto, katika chumba cha Mapapa.

Kanisa lawakumbuka wote wawili siku moja, tarehe 13 Agosti. Hipoliti naye ni mtakatifu. Aliyekataza mlango usifunguliwe, mwishoni aliingia kwa mlango uleule, nao ulikuwa wazi kwa sababu Kalisto aliufungua.

10. Katakomba leo

Kwa karne nyingi katakomba zilisahauliwa. Udongo ulifunika ngazi, na watu wakalima mizabibu juu yake. Mwaka 1849 mtaalamu mmoja wa Roma, Giovanni Battista de Rossi, aliokota katika shamba la mizabibu kipande cha jiwe chenye herufi za jina la shahidi. Akafahamu kwamba Katakomba ya Kalisto iko chini ya miguu yake. Papa Pio IX akanunua shamba. Mwaka 1854 de Rossi akafunua chumba cha Mapapa. Waliozikwa humo ni Mapapa 9 wa miaka ya 200 na kitu. Kwenye mawe yaliyovunjika majina 5 yaweza kusomwa, nayo yameandikwa kwa Kigreki: Ponsyano, Antero, Fabiano, Lusio na Eutikiano.

Njia za katakomba hiyo, zikipimwa zote pamoja, zapata kilometa 20 hivi. Tangu mwaka 1930 walinzi wake ni Wasalesiani wa Don Bosco. Hao ndio waliofika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1911, wakaanza shule katika Katanga. Watu wa dunia nzima wanaposhuka ngazi zile, Wasalesiani wawaonyesha makaburi. Makaburi mengi ni madogo, hayana jina. Ni ya maskini na ya watoto. Karibu yao wamelala Mapapa, katika jiwe lilelile.

Maneno ya kufahamu

Katakomba: makaburi yaliyochimbwa chini ya udongo, yenye njia na vyumba.
Kitubio: kazi na sala anazofanya mkosefu ili arudiane na Mungu na Kanisa.
Liwali: mtu aliyetawala sehemu ya inchi kwa jina la Kaisari.
Migodi: mahali pa kuchimba madini.
Orodha: majina yaliyoandikwa moja baada ya jingine.

Maswali

1. Kwa nini wajane waliweka feza zao katika banki ya Kalisto?
2. Kwa nini Papa Viktor hakulitia jina la Kalisto katika orodha? Wewe waona alifanya vema?
3. Hyacinthus alifanya nini?
4. Wakristu walizikaje maskini wao? Kwa nini?
5. Wakristu wakali waliogopa nini, kama wakosefu wote wakipokelewa? Kalisto aliwajibu nini?
6. Kwa nini sheria ya Kalisto juu ya ndoa ilikuwa jambo kubwa kwa watumwa?
7. Kalisto na Hipoliti wote wawili walipelekwa Sardinia. Eleza kila mmoja alipelekwa kwa sababu gani, na kila mmoja alijifunza nini huko.
8. Mwenzako amekukosea, kisha amekuja kukuomba msamaha. Andika mistari 5: utamfanyia nini?